Meno ya Chenso (Sehemu ya Tatu): Kuipanga Mashine kabla ya Kunoa

Katika makala mbili zilizotangulia tulinena habari za tupa, chombo cha subira, ambacho hata katika mkono usio hodari huharibu jino kidogo kidogo, mwenye nacho akapata wasaa wa kulitambua kosa lake na kujirudi. Mashine ya umeme haina muhula wa namna hiyo. Jiwe lizungukalo takriban mara 3000 kwa dakika hutimiza kwa kufumba na kufumbua uharibifu ambao tupa ingeufanya kwa juma zima; na kwa hiyo nathubutu kusema, mafundi wa misitu ya Sao Hill kule Mufindi wakiniwia radhi, kwamba sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa kabla swichi haijabonyezwa.

Tuanze na jiwe. Kabla ya kulifunga, litundike kidoleni uligonge polepole kwa mpini wa bisibisi: likilia kama kikombe cha kaure ni zima, na likitoa sauti butu lina ufa usioonekana, basi halifai hata kwa bure, maana jiwe likipasuka katika mbio halichagui uso. Unene wake hufuata kipimo cha mnyororo, nacho hupatikana hivi. Pima umbali kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu katika ribiti tatu zinazofuatana, ugawe kwa mbili. Mnyororo wa kawaida wa inchi 3/8 aghalabu hutaka jiwe la inchi 3/16.

Baada ya hapo huja nyuzi. Jiliwa, yaani kile kibanio kinachoushika mnyororo, hugeuzwa nyuzi 30 kwa minyororo mingi, na kichwa cha mashine hulazwa nyuzi 60 au 55, kama ilivyoandikwa katika karatasi ya mtengenezaji, ambayo wengi wetu huitupa pamoja na boksi. Kisha, mashine ingali imezimwa, teremsha jiwe kwa mkono, ukaze skrubu ya kina mahali ambapo ukingo wake unalifikia tako la jino pasipo kukikwaruza kiungo kilicho chini yake.

Hapa ndipo penye fitina. Meno ya mnyororo huelekea kulia na kushoto kwa zamu, na fundi hunoa upande mmoja wote, kisha akaligeuza jiliwa kwa upande wa pili akidhani kwamba kipimo kimebaki kile kile. Hakikubaki. Katika kugeuka huko jiliwa husogea kiasi cha unywele, na meno ya kushoto yakatoka mafupi kuliko ya kulia. Hatima yake msumeno hukata kwa kupinda, na mpasuaji akalaumu mti. Dawa yake ni kalipa. Tafuta jino lililo fupi kuliko yote, ulifanye imamu, na mengine yote yapunguzwe hata yalingane nalo. Na kila ugeuzapo jiliwa, noa jino moja tu, upime, ukirekebishe kile kidole cha chuma kizuiacho jino lisirudi nyuma, ndipo uendelee.

Ama kulishusha jiwe, na liguse mara fupi fupi, kama mtu aonjaye chai ya moto. Mimi mwenyewe niliwahi kuliegemeza kwa pupa juu ya mnyororo mpya, na meno yakageuka rangi ya shingo ya njiwa. Nikajisifu kwa uzuri wake, hata nilipoingia kwenye gogo la mkaratusi ndipo nikajua kuwa moto umekwisha kuiharibu tabia ya chuma, makali yakafa kabla ya adhuhuri.

Vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino, vipimavyo kina cha mkato, bado hatujavigusa. Mnyororo ulionolewa hivi usirudishwe msituni mpaka navyo vipimwe. Habari yake itakuja juma lijalo.