Uwanja wa Pili: Jinsi Rubani Anavyochagua pa Kutua Safari Inapobadilika

Ndege ndogo inayotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa Masoko huruka takriban kilomita 230 kuelekea kusini, bahari ikiwa upande wake wa kushoto na mikoko ya delta ya Rufiji ikipita chini yake, na muda wote huo rubani huwa amekwisha kujiuliza atatua wapi endapo Kilwa itashindikana. Swali hilo haliulizwi kwa hofu wala halingojei dharura, kwa kuwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, humtaka rubani afikirie kabla ya kuruka kiasi cha mafuta anachohitaji na hatua atakayochukua iwapo safari haitakamilika kama ilivyopangwa. Mahali anapopachagua kwa ajili hiyo huitwa uwanja mbadala.

Msingi wa uchaguzi huo ni mafuta, na mafuta hayo hupangwa kwa mafungu. Lipo fungu la safari yenyewe, lipo la tahadhari ambalo aghalabu ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, lipo la kutoka uwanja uliokusudiwa hadi uwanja mbadala, na chini kabisa ipo akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege ya injini ya tabo huwa ni ya kuruka dakika 30 na kwa ile ya injini ya pistoni dakika 45. Akiba hiyo haipangiwi matumizi yoyote, na rubani akiona kwamba atatua akiwa ameigusa, hana budi kutangaza hali ya hatari kwa redio ili ndege nyingine zimpishe.

Umuhimu wa mahesabu haya hudhihirika zaidi katika pwani ya Lindi, ambako viwanja ni vichache na vimeachana. Kutoka Kilwa Masoko, uwanja wa kisiwa cha Songo Songo uko umbali wa kilomita 40 hivi, Mafia na Lindi kila mmoja uko umbali unaokaribia kilomita 110, mmoja kaskazini na mwingine kusini, na Mtwara uko takriban kilomita 175. Anayeitazama ramani peke yake angechagua Songo Songo bila kusita, lakini wingu la masika linaloifunika Kilwa kutoka baharini laweza kukifunika na kisiwa hicho, hivyo ukaribu unaoonekana kuwa faida huugeuza uwanja mbadala kuwa mtego. Kwa sababu hiyo rubani hutafuta uwanja ulio nje ya hali ya hewa anayoikimbia, akitegemea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na taarifa za marubani waliotangulia, kisha huangalia urefu wa njia ya kurukia, kama ina lami au imelowa matope, na kama upepo utampiga kwa ubavu kupita kiwango ambacho ndege yake inakimudu.

Kilwa ina ugumu wake wa ziada, kwani haina mitambo ya redio ya kumshusha rubani ndani ya mawingu hadi afike juu ya njia ya kurukia. Anayetua huko hutegemea macho, na kwa urukaji wa namna hiyo masharti ya kawaida ni kuona mbele umbali usiopungua kilomita 5. Uwanja mkubwa wenye mitambo hiyo, kama ule wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, hubaki kuwa kimbilio hata kama uko mbali, na ndiyo maana si ajabu ndege iliyokaribia kabisa Kilwa ikarudi ilikotoka.

Hapo ndipo penye jaribu kubwa kuliko yote. Kadiri mwisho wa safari unavyokaribia ndivyo mtu anavyovutwa kujaribu mara moja zaidi, hasa akiuona ufuo katika mwanya wa mawingu na akijua kwamba abiria wake wanasubiriwa na jamaa zao. Dawa yake ni kuweka mapema kiwango cha mafuta ambacho kikifikiwa rubani hugeuza bila mjadala, maana uamuzi uliofanywa chini kwa utulivu unastahili kuaminiwa kuliko ule unaofanywa angani kwa haraka. Abiria anayemlaumu rubani kwa kugeuza humwonea, kwa kuwa anamlaumu kwa kutimiza ahadi aliyojiwekea kwa ajili ya abiria huyohuyo.

Inapotokea kwamba rubani amenyang'anywa uchaguzi, thamani ya mafuta ya uwanja mbadala huonekana waziwazi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa na watu watatu walioamuru ipelekwe Australia, ingawa rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayangefika. Alianza kwa kuufuata mwambao wa Afrika kuelekea kusini, na watekaji walipong'amua kwamba nchi kavu bado inaonekana wakamlazimisha kuelekea mashariki, naye akaelekea Komoro bila kuwaambia. Injini zilizimika kwa kukosa mafuta, ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, na kati ya watu 175 waliokuwamo 125 walifariki. Hata hivyo, kwa kuwa ndege ilishuka karibu na watu, waogeleaji na wenye mashua waliwahi kuwafikia manusura, jambo ambalo lisingewezekana katikati ya bahari kuu.

Si kila mara sababu ya kubadili safari huwa ya kutisha kiasi hicho, wala si lazima iwe mvua. Moto ulipoteketeza jengo la abiria wanaowasili katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, tarehe 7 Agosti 2013, ndege zilizokuwa zikielekea huko zilipelekwa Mombasa na kwingineko, ingawa mbingu hazikuwa na kosa lolote.

Viwanja vilivyo salama vikiwa zaidi ya kimoja, ndipo rubani na kampuni yake wanapoweza kuufikiria usumbufu wa abiria. Kumshusha abiria wa Kilwa kule Mafia ni kumwacha kisiwani akitafuta chombo cha kumvusha, na kumrudisha Dar es Salaam ni kumpa safari ndefu ya barabara, ambayo Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Katika hali kama hiyo uwanja wa Lindi, ukiwa mweupe na mafuta yakitosha, humweka abiria upande wa kusini wa pale palipokatika, na barabara ya huko ikiwa inapitika anaweza kupanda basi hadi njia panda ya Nangurukuru na kuingia Masoko siku hiyohiyo.