Mbinga hadi Mbamba Bay: mkandarasi hulipwaje?

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 67 hivi, na ilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 129, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa wafadhili. Ukigawanya, kila kilomita ni karibu bilioni 1.9. Wastani huo unaficha mengi. Barabara inashuka kutoka milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi. Palipo na mlima wa kukata, kilomita moja humeza fedha nyingi kuliko ya tambarare. Ndiyo maana kazi kama hii hulipwa kwa vipimo: mita za ujazo za kifusi, idadi ya makalavati, mita za mraba za lami.

Tuchukue mkataba wa mfano wa bilioni 100. Mkandarasi anapewa malipo ya awali ya bilioni 10, kwa dhamana ya benki, alete mitambo na kujenga kambi. Kisha kila mwezi kazi inapimwa na mhandisi mshauri anatoa hati ya malipo.

Tuseme hati ya mwezi mmoja ni bilioni 4. Inakatwa asilimia 10 ya zuio, fedha inayoshikiliwa kama dhamana ya ubora wa kazi, yaani milioni 400. Inakatwa asilimia 25 kurejesha malipo ya awali, yaani bilioni 1. Mkandarasi anabaki na bilioni 2.6. Nusu ya zuio hulipwa barabara ikikabidhiwa, nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, mara nyingi mwaka mmoja.

Fedha hizo haziji siku hiyo hiyo. Mikataba ya kielelezo ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inampa mwajiri, hapa Serikali, siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai. Mafuta, saruji na mishahara havisubiri, hivyo mkandarasi anakopa. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, bilioni 2.6 kwa siku 56 zinagharimu kama milioni 60. Hizo alishaziweka kwenye bei ya zabuni. Mwajiri akichelewa siku 90 zaidi, inaongezeka milioni 96, na hizo anaweza kuzidai kama riba ya ucheleweshaji.

Kwa hiyo Serikali inayochelewesha hati hailindi hazina yake. Inalipa riba leo, na kwenye zabuni ijayo inakuta wakandarasi wamepandisha bei kufidia usumbufu wanaoutarajia.