Mbwa Mzee na Siku ya Kumuaga

Nyumbani kwetu tumepata kufuga mbwa wawili waliofikia uzee. Wa kwanza, jina lake Simba, tulimwacha aishi majuma matatu zaidi ya ilivyostahili. Alikuwa hawezi tena kusimama pasipo kusaidiwa. Chakula alikinusa tu akageuza kichwa, na usiku alihema kana kwamba ametoka mbioni. Sababu ya kungoja ilikuwa moja: watoto walikuwa shule ya bweni, nami nilitaka wamkute likizo ikifika. Walimkuta. Lakini huyo waliyemkuta hakuwa tena Simba waliyemwacha, na hata leo sijui kama niliwafadhili wao, ama nilijifadhili mwenyewe kwa kukwepa uamuzi. Wa pili, Tomi, tulimtendea tofauti, na tofauti hiyo ndiyo asili ya makala haya.

Mbwa wengi wa vijijini hawafiki uzeeni. Magonjwa, njaa na magari huwatangulia. Anayefika, aghalabu ni kwa sababu yuko mtu aliyemtunza. Mtu huyohuyo ndiye ambaye siku moja hana budi kujiuliza: Je, tuendelee kumtibu, au wakati wa kumuaga umewadia? Sayansi haiwezi kumtajia tarehe. Yaweza, hata hivyo, kumwonyesha mambo ambayo jicho la mapenzi haliyaoni, au huyaona likayakana.

Umri wake hasa ni upi?

Wengi tumefundishwa kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka saba ya binadamu. Hesabu hiyo ni nyepesi kukumbuka, lakini haina ukweli. Mbwa jike wa mwaka mmoja aweza kuzaa. Mtoto wa miaka saba yuko darasa la kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza vialama vya kikemikali vinavyojibandika juu ya DNA kadiri mwili unavyozeeka, wakalinganisha mbwa wa aina ya Labrador na binadamu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba mbwa huzeeka mbio sana mwanzoni, kisha mwendo hupungua. Mwanafunzi mwenye jedwali la logi aweza kuijaribu kanuni yao mwenyewe: chukua logi ya umri wa mbwa kwa miaka, zidisha kwa 36.8, kisha jumlisha 31. Mbwa wa mwaka 1 hulingana na mtu wa miaka 31 hivi. Wa miaka 4, na mtu wa miaka 53. Wa miaka 12, na mtu wa miaka 71.

Yafaa tukumbuke kwamba kanuni hii ilitokana na mbwa wa aina moja tu. Katika jamii ya mbwa mna jambo la ajabu. Tukilinganisha wanyama wa jamii mbalimbali, kwa kawaida mkubwa huishi kuliko mdogo: tembo humpita panya kwa mbali. Miongoni mwa mbwa mambo hupinduka. Majitu kama Great Dane mara nyingi hufa kabla ya kutimiza miaka 10, ilhali vibwa vidogo huweza kupita 14. Kwa hiyo umri peke yake si hoja ya kumfisha mbwa. Uzee si ugonjwa. Ni hali inayoyapa magonjwa nafasi.

Mficha maradhi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mbwa ni bingwa wa kuficha. Maumivu makali ya ghafla humfanya abweke au alie, lakini yale yanayokaa naye miezi na miaka, kama ya yabisi ya viungo, huyabeba kimya. Mwenye mbwa husema, “Haumwi, mbona halii?” Swali lenyewe ndilo lenye kosa. Yafaa atazame: je, hujinyanyua kwa hatua mbili tatu badala ya mara moja? Hulamba goti lilelile mpaka manyoya yakabadilika rangi? Husita mbele ya ngazi alizokuwa akizipanda kwa kurukia? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, waliotunga kipimo cha maumivu makali ya mbwa, walijenga kipimo chao juu ya mambo ya namna hiyo: sauti, mwendo, mkao wa mwili, na jinsi mnyama anavyopokea mkono unaomgusa.

Viungo vya ndani navyo huficha. Figo ndizo mfano ulio bora kwa somo la Bayolojia. Zina akiba kubwa mno, kiasi kwamba mbwa haanzi kunywa maji mengi na kukojoa ovyo mpaka apoteze takriban theluthi mbili za uwezo wa figo zake, na takataka za mwili hazilimbikizani katika damu mpaka robo tatu ya uwezo huo iwe imekwisha. Mwenye mbwa husema kwamba mnyama wake “ameugua ghafla”. Hakuna cha ghafla hapo. Kilichokuja ghafla ni mwisho wa akiba.

Moyo huweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Mbwa mzima aliyelala fofofo huvuta pumzi chini ya mara 30 kwa dakika. Hesabu kifua kinavyopanda na kushuka usiku tatu au nne mfululizo. Ikiwa idadi imekuwa ikipita 30, yamkini maji yanajaa mapafuni kwa sababu moyo umechoka, na daktari wa mifugo aarifiwe bila kukawia. Macho, kwa upande mwingine, hututisha bure. Ule ubuluu unaotanda katika mboni ya mbwa mzee mara nyingi si mtoto wa jicho, bali ni lenzi iliyogandamana kwa uzee, na mbwa bado anaona vya kutosha.

Kisha kuna ubongo. Katika ubongo wa mbwa wazee huonekana utando wa protini unaofanana na ule wa watu wenye ugonjwa wa Alzheimer. Mbwa huyo huzunguka usiku kucha, husimama kwenye pembe ya ukuta kama aliyepotea njia, au humbwekea mtu aliyemlisha miaka kumi. Hapa natoa onyo zito. Usahaulifu wa uzee huja polepole, kwa miezi. Tabia ikibadilika kwa siku chache, kwanza mdhanie kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite mtaalamu wa mifugo. Mtu akiumwa na mbwa wa namna hiyo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, tiba hakuna.

Jambo jingine hufanywa kwa nia njema likaleta msiba: kumpa mbwa dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na hivyo mwenye huruma akauongeza ugonjwa aliotaka kuupunguza. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari wa mifugo ndiye mwenye kuzipima.

Daftari la Tomi

Tomi alipofika miaka 11, nikikumbuka ya Simba, nilikwenda kumwona daktari wa mifugo. Aliniuliza swali ambalo sikulitazamia: “Mbwa wako anapenda nini?” Nikamjibu mambo matatu: kutulaki langoni, kufuatana nasi mpaka mtoni, na kutafuna mfupa chini ya mwembe. Akaniambia niyaandike siku hiyohiyo, kabla mnyama hajadhoofika. Hekima yake niliielewa baadaye. Mtu anayeishi na mgonjwa huzoea. Leo mbwa haendi mtoni, nawe wasema kumekuwa na joto. Mwezi ujao haji langoni, nawe wasema amelala. Kipimo chako hushuka pamoja naye, hata siku moja ukafurahi kwamba leo amekunywa maji. Kilichoandikwa hakizoei.

Basi tukaweka daftari. Kila jioni mmoja wetu alichora duara kama siku ilikuwa njema, na msalaba kama ilikuwa mbaya. Kila Jumamosi tulimpima uzito. Mwanangu alimbeba akasimama naye juu ya mizani, kisha akasimama peke yake, tukatoa. Tulihesabu pumzi zake usingizini. Kazi yote haikupita dakika tano kwa siku, na nadhani darasa lolote lenye mnyama wa kufuga laweza kuifanya.

Viko vipimo vilivyopangwa kwa ufundi zaidi. Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, mwaka 2004 alitoa kipimo chenye mambo saba: maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 10, na jumla inayopita 35 huhesabiwa kuwa maisha bado yanavumilika. Kipimo hiki ni msaada mkubwa kwa familia isiyojua ianzie wapi. Hata hivyo, mimi nina shaka na jumla yake, na walimu wa Hisabati wataniunga mkono. Mbwa anayepata 0 katika pumzi na maumivu, akapata 8 katika mengine sita, hufikisha 48. Amefaulu mtihani, naye yumo katika kukabwa roho! Jumla huficha kama wastani ufichavyo. Nilionalo ni kwamba kuna mambo mawili yasiyolipiwa fidia na mengine: pumzi isiyotosha, na maumivu yasiyosikia dawa.

Mwezi wa mwisho wa Tomi, daftari lilikuwa na misalaba 19 na duara 11. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 24 hadi 17. Kati ya yale matatu aliyoyapenda, lilibaki moja, nalo nusu: alilaza mfupa mbele yake bila kuutafuna. Nilipowaita watoto kuwaeleza, binti yangu alipinga kwa nguvu. “Baba, bado anatikisa mkia!” Ilikuwa kweli, na hoja yake ilistahili jibu. Mkia ulikuwa ushahidi kwamba alitutambua na kwamba kutuona kulimfurahisha. Haukuwa ushahidi kwamba hakuwa na maumivu. Mambo hayo mawili hukaa pamoja katika mnyama mmoja, kama yanavyokaa katika mtu. Hakuridhika upesi. Alilichukua daftari, akalisoma kurasa zote tangu mwanzo, na siku ya pili akasema tumwite daktari, ila isiwe Ijumaa kwa sababu ana mtihani.

Labda msomaji atauliza, kwa nini tusiache maumbile yafanye kazi yake? Mbwa aliyeishi kuliko wote kwa kumbukumbu zinazokubalika ni Bluey wa Rochester, katika jimbo la Victoria, Australia, aliyechunga ng'ombe na kondoo kwa karibu miaka 20. (Bobi wa Ureno, aliyetangazwa kumpita, alivuliwa sifa hiyo mwezi Februari 2024 kwa kukosa ushahidi.) Bluey aliishi miaka 29 na miezi 5. Hata huyo hakufa mwenyewe: alilazwa na wenyewe tarehe 14 Novemba 1939. Maumbile yakiachwa huua kwa kiu, kwa kukosa pumzi, au kwa figo kuijaza damu sumu, na mara nyingi kwa siku nyingi.

Saa yenyewe

Dawa itumikayo zaidi ni pentobabitali. Ni ya ukoo wa babitali, dawa ya usingizi iliyotangazwa mwaka 1903 na Emil Fischer na Joseph von Mering wa Ujerumani, walioona jinsi inavyowalaza mbwa. Huuongezea nguvu ujumbe wa kikemikali unaotuliza mishipa ya fahamu. Kwa kipimo kikubwa, fahamu hutoweka kwanza. Kisha kituo cha pumzi kilichomo chini ya ubongo husimama, na mwisho moyo. Utaratibu huo ndio wenye maana: anayekufa hayupo tena wakati pumzi inapokoma. Linganisha na sumu ya wadudu, ambayo wengine humtegea mbwa mzee katika kipande cha nyama. Hiyo huzuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe baina ya neva na misuli. Misuli hutetemeka bila kukoma, mate hufurika, na mnyama hukosa hewa akiwa na fahamu zake. Huko ni kumtesa mnyama, jambo ambalo nchini Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalikataza.

Daktari alikuja asubuhi. Alimpa Tomi kwanza sindano ya kumtuliza, nasi tukakaa naye chini ya mwembe mpaka kichwa kikalala juu ya goti la binti yangu. Sindano ya pili ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotazamia. Alikuwa ametuonya mapema kwamba macho hayatafumba, na kwamba kifua huweza kushtuka mara moja au mbili baada ya moyo kusimama. Ni misuli tu, wala si maumivu. Kifua kilishtuka mara moja. Kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa, hakuna aliyepiga kelele.

Shimo tulikwisha kulichimba tangu jana yake, lenye kina cha mita moja na nusu. Pentobabitali hubaki katika mzoga kwa muda mrefu, na fisi, tai au mbwa mwingine akiula huweza kufa naye. Tulirudishia udongo, tukaushindilia, na juu yake tukapanga mawe makubwa ili usifukuliwe.