Joto la angani na ngozi yako

WATU wengi jijini Nairobi hulipima jua kwa joto. Likiwaka hutafuta kivuli, lakini ikija ile baridi ya Julai hushinda nje kichwa wazi bila wasiwasi. Kipimo hicho kinapotosha, na sababu yake iko mbali sana juu ya vichwa vyetu.

Aliyesafiri kwa ndege huenda amesikia rubani akitangaza kwamba nje kuna baridi ya nyuzi 50 chini ya sufuri. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila kilomita. Hapa kwetu Ikweta, ukifika kilomita 17 hivi, baridi hukaribia nyuzi 80 chini ya sufuri.

Kisha mambo hugeuka. Mnamo 1902 Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, aliyekuwa amerusha maputo zaidi ya 200 yenye vipimajoto, alitangaza kwamba kuanzia kiwango fulani baridi huacha kuongezeka. Tabaka hilo ndilo stratosfia. Ndani yake joto hupanda hadi karibu nyuzi sufuri kwenye kilomita 50, kisha hushuka tena katika mesosfia hadi nyuzi 90 hivi chini ya sufuri.

Je, joto hilo la katikati hutoka wapi? Hutoka kwa ozoni, gesi inayonasa miale hatari ya jua iitwayo urujuanimno na kuigeuza kuwa joto. Kwa maneno mengine, joto lile ni miale ambayo ingeichoma ngozi yako, lakini imezuiwa njiani.

Bara la Antaktika lilituonyesha hatari ya kuchezea mpango huo. Huko, katika giza la majira ya baridi, stratosfia hupoa kupita nyuzi 78 chini ya sufuri na mawingu ya barafu hujitunga. Juu ya mawingu hayo gesi zilizotoka kwenye friji na mikebe ya kupuliza marashi hugeuka sumu ya ozoni jua linaporudi mwezi wa Septemba. Wanasayansi wa Uingereza walitangaza kupungua huko mwaka wa 1985, na miaka miwili baadaye Mkataba wa Montreal wa kuzidhibiti gesi hizo ukatiwa saini. Ofisi ya kusimamia mkataba huo iko papa hapa Gigiri. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2022 ilikadiria kuwa ozoni ya Antaktika itarudi ilivyokuwa 1980 kufikia mwaka wa 2066 hivi.

Shimo hilo haliko juu ya Kenya. Hata hivyo, ozoni ya Ikweta ni nyembamba kwa maumbile, na jua la adhuhuri hutujia wima. Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kila mita 1,000 huongeza miale hiyo kwa takriban asilimia 10. Mawingu mepesi huipitisha kwa wingi. Nayo hewa ya baridi haiizuii hata kidogo. Mwili hauwezi kuihisi. Joto unaloliona ukiota jua huletwa na miale mingine.

Macho ndiyo huumia hata kwa watu weusi, kwani miale hii huchangia mtoto wa jicho. Ngozi nyeusi ina kinga kiasi. Wenye ualbino hawana, na saratani ya ngozi huwapata wangali vijana. Kwao mafuta ya kukinga jua ni dawa, si marembo. Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo amvishe kofia pana na mikono mirefu, azungumze na mwalimu ili asiwekwe uwanjani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na afanye hivyo Julai kama Januari.

Kuhusu miwani myeusi ya barabarani, uwe mwangalifu. Kama vioo vyake havizuii urujuanimno, giza lake hufanya mboni ipanuke na kuingiza miale mingi zaidi. Muulize daktari wa macho akupimie.