Je, Wajua? Sumu Iliyolala Ndani ya Rimoti

• Ukitaja Ngombezi, watu wa Korogwe hukumbuka mkonge na reli ya Tanga. Je, wajua kwamba hata huko, rimoti ya televisheni imebeba aseniki? Ile taa yake isiyoonekana kwa macho hutengenezwa kwa galiamu asenaidi, au kwa ndugu yake wa karibu.

• Usiitupe rimoti! Kikiwa kizima ndani ya plastiki, kichembe cha taa hiyo hakina neno. Sumu huamka kikisagwa, kikichomwa moto au kikimwagiwa asidi.

• Galiamu pekee huyeyuka kwa nyuzi joto 29.8 tu: ishike kiganjani, itakuwa majimaji. Ikishaungana na aseniki, haiyeyuki mpaka nyuzi 1,238.

• Mwaka 2006, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka galiamu asenaidi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ndiyo maana viwandani hukatwa kwa maji ili vumbi lisipae. Kufagia pakavu au kupuliza kwa kompresa ni mwiko; mabaki hufyonzwa kwa mashine yenye chujio maalumu. Chakula hakiingii chumba cha kazi.

• Asidi ikigusa galiamu asenaidi, huweza kutoka gesi ya asini, inayopasua chembe nyekundu za damu. Hunuka kama kitunguu saumu, lakini pua huanza kuinusa ikiwa tayari imezidi mara kadhaa kiwango cha sehemu 0.05 kwa milioni kinachoruhusiwa kazini Marekani. Pua hapa ni mlinzi anayeamka mwizi akiwa ameshaingia ndani.

• Tukirudi kwenye mkonge: hauna aseniki, ila vumbi lake nalo si la kuchezea. Watafiti waliochunguza viwanda vya mkonge nchini Tanzania walikuta kikohozi na kubanwa kifua kwa wafanyakazi wa korona, mashine ya kuchuna nyuzi, na wa chumba cha brashi. Dawa inafanana: zuia vumbi kwenye chanzo chake kwanza, barakoa baadaye.

• Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali ya Tanzania, inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Fundi simu wa kibandani ni mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja: asichome bodi mbovu nyuma ya kibanda, kwani simu nazo huweza kubeba galiamu asenaidi. Moto hauteketezi aseniki. Huigeuza moshi tu.