Je, Wajua? Kilomita ya 30 na Boma Lisilopauliwa

Ukitoka Mpanda mjini kwa barabara ya Sumbawanga, kilomita 42.195 za marathoni zinakufikisha Sitalike na nyingine zinabaki. Unavuka daraja la Mto Katuma, unawaacha viboko wamebanana kwenye tope, na bado hujamaliza.

Je, wajua kwamba wengi huishiwa nguvu kuanzia kilomita ya 30 hivi? Hapo ndipo sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inapokaribia kwisha, na aliyeanza kwa papara hali hiyo humkuta mapema zaidi. Boma la darasa nalo lina kilomita yake ya 30: lenta. Siku ya msaragambo wa msingi kijiji kizima kinasomba mawe. Kuta zikifika lenta, saruji imekwisha, fundi na mwenyekiti wamebaki wawili wakiulizana habari za bati. Miaka miwili baadaye utakuta mpapai umeota katikati ya darasa, tena umezaa.

Mkenya Eliud Kipchoge alilijua hilo la kuishiwa nguvu njiani. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 akisindikizwa na wakimbiaji 41 waliopokezana, saba kwa zamu: watano mbele wakimkinga upepo, wawili nyuma. Kwa sababu ya kupokezana huko, muda wake haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Lakini angalia walivyopanga: katika zamu ya mwisho alikuwamo mkongwe Bernard Lagat, mwenye umri wa miaka 44. Miguu mibichi iliwekwa akiba. Kamati zetu humaliza watu wote siku ya kwanza, kisha zinashangaa.

Na kwa kumaliza ulichoanza, mzee wetu John Stephen Akhwari je? Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968, walianza 75, wakamaliza 57. Yeye alikuwa wa 57, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Na akiba ya hatua za mwisho? Septemba 15, 2025, kwenye marathoni ya Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Wakafika utepeni pamoja, wote saa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Simbu alimtangulia kwa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.