Ficha inverta, acha hewa na mkono vipite

Gereji za nyumba zinazojengwa siku hizi Goba, Madale au Kibada, Dar es Salaam, zina kazi nyingi kuliko kulaza gari. Ukutani ipo inverta, chini yake betri, pembeni kisanduku cha sakiti breka na swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa TANESCO kwenda wa jua. Kona ya pili inakaa pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu, pamoja na mabomba na koki zake. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwafanya watu wanunue vifaa hivi kwa haraka, na kwa haraka hiyohiyo vikafungwa popote palipokuwa na ukuta mtupu. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, ukafuatiwa na mingine hadi kutimia tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme ulipoongezeka, inverta zilizokwisha kufungwa hazikung'olewa. Zipo, na zitakuwepo.

Naelewa kabisa kwa nini mwenye nyumba anataka kuzifunika. Gereji zetu ni sehemu ya nyumba inayoonwa na watu. Ukipata msiba, gari linatolewa, mikeka inatandikwa, na kina mama wanakaa humo siku tatu wakiwa wameegemea ukuta uleule wenye nyaya. Shughuli ya binti ikifika, sufuria na magunia ya mchele hulala humo. Watoto wa wageni wanazunguka, na mtoto wa miaka minne akiona taa ndogo ya kijani inayomemeta atataka kuigusa. Kwa hiyo kufunika ni jambo la maana, na sikubaliani na mafundi umeme wanaosema kila kitu kiachwe wazi kwa sababu tu wao wanapata urahisi.

Ninachopinga ni namna inavyofunikwa. Nimeona nyumba ambazo pampu imejengewa ukuta wa jipsam, ukapakwa rangi vizuri, ukaachwa mlango mdogo wa kupitisha mkono mmoja. Siku sili ya pampu inapochoka, fundi anakata jipsam. Nimeona kabati la betri lenye kufuli, na ufunguo umo kwenye mkoba wa baba mwenye nyumba, na baba yuko Dodoma kikazi. Hapo ndipo naiona hatari. Harufu ya waya unaoungua haisubiri mtu arudi safari. Ikitokea mchana, aliye nyumbani ni dada wa kazi na watoto. Kifuniko cha mitambo kinapaswa kutengenezwa kwa kumfikiria yeye: aweze kukiondoa peke yake, gizani, bila bisibisi, bila ufunguo, bila kumpigia mtu simu. Rangi na urembo vije baadaye.

Nilimkuta fundi seremala mmoja Goba akiifanya kazi hii namna ninavyotamani ifanywe kila mahali. Alisimamisha kwanza fremu ya mbao za mbili kwa mbili, sentimita 40 mbele ya ukuta, ili inverta na betri zikae ndani bila kugusana na kitu. Kisha akachukua ubao mrefu wa inchi nne, akaupasua kwa urefu wake, msumeno ukiwa umelazwa nyuzi 45. Akapata vipande viwili vyenye ukingo wa mshazari vinavyoshikana. Kimoja akakifunga kwa skrubu upande wa mbele wa boriti ya juu ya fremu, mshazari ukitazama juu na kuinamia ndani, ukaacha kama mfereji mwembamba. Cha pili akakifunga nyuma ya paneli, mshazari ukitazama chini. Paneli ikinyanyuliwa na kushushwa, kipande cha nyuma kinaingia kwenye mfereji na uzito wa paneli yenyewe unaivuta ikae. Hakuna bawaba wala komeo. Chini aliweka sumaku mbili za mlango wa kabati, basi, ili isigonge upepo ukivuma.

Mama mwenye nyumba hakuridhika. “Fundi, hii haitadondokea watoto?”

“Ivute, mama.”

Akaivuta kwa mikono miwili, haikutoka.

“Sasa inyanyue kidogo kwanza, halafu ndiyo uivute.”

Ikatoka, akabaki ameishika. Fundi akamwomba amwite na dada aje ajaribu. Dada akaitoa, akairudisha, akaitoa tena. Ndipo fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Sijui kama alifundishwa hivyo au ni busara yake mwenyewe, lakini mafundi wangapi hukabidhi kazi kwa mtu atakayeitumia?

Uzito ndio unaoamua kama jambo hili litawezekana. Plaiwudi ya futi nane kwa nne, yenye unene wa milimita 18, hufika kilo 30 na zaidi. Mtu mmoja hawezi kuinyanyua plaiwudi nzima kutoka kwenye fremu bila kuumia au kuiangushia inverta. Ukitumia ya milimita 12 na ukaikata vipande vya sentimita 60 kwa mita mbili, kila kipande kinakuwa na kilo nane au tisa hivi. Hicho kinabebeka. Kwa hiyo ukuta wa mita tatu ufunikwe kwa paneli tano nyembamba, hata kama mbili pana zingependeza zaidi. Wengine wanapenda emdiefu kwa sababu inapokea rangi vizuri. Kwa gereji ya pwani, inayooshewa gari na kupuliziwa unyevu wa bahari mwaka mzima, emdiefu ya kawaida itavimba kuanzia chini. Plaiwudi nzuri, au fito za paini zilizowekwa dawa, zitadumu. Na iwe plaiwudi au fito, paneli iishie sentimita tano juu ya sakafu, maji yapite na mchwa wasipate ngazi.

Sasa hewa, ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi yote.

Inverta haifanyi kazi bila kupoteza kitu. Ikiwa inabeba kilowati tatu, tuseme jokofu, pampu na kiyoyozi kimoja, na ufanisi wake ni asilimia 93, basi zaidi ya wati 220 zinageuka joto ndani ya kabati lako saa zote mzigo huo unapobaki. Balbu mbili za zamani za wati 100 zilitosha kupasha kisanduku cha vifaranga. Hapa umeziwasha ndani ya kabati, chini ya bati la Dar es Salaam, mwezi Februari. Inverta ikipata joto kupita kiwango chake hupunguza nguvu yenyewe au huzima, na mwenye nyumba anamlaumu aliyemuuzia. Betri za asidi nazo huumia kimyakimya. Kanuni inayotumiwa sana na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 zinakata maisha ya betri karibu nusu. Betri iliyotarajiwa kukaa miaka sita inakufa katika miaka mitatu, na hakuna aliyeona kosa kwa sababu kosa limefunikwa kwa mbao nzuri.

Tena betri za maji zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Ni gesi nyepesi kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, na ikifika asilimia nne tu ya hewa iliyopo, cheche ndogo inatosha kuilipua. Betri kavu hutoa kidogo sana, ila zikichajiwa kupita kiasi nazo hufungua valvu zake. Kwa hiyo matundu yawepo juu kabisa ya kifuniko, karibu na dari ya kabati, haidrojeni na joto vitokee hapo, na mengine chini, hewa ya baridi iingilie. Tundu la katikati peke yake halisaidii. Betri za maji zisikae chini ya inverta moja kwa moja, maana mvuke wa asidi hupanda na kula shaba. Ukiona unga wa kijani kwenye vichwa vya nyaya, ujue umeanza. Betri za lithiamu hazitoi haidrojeni zinapochajiwa katika hali ya kawaida, lakini joto linazichosha nazo, na hitilafu ikitokea ndani yake zinahitaji kufikiwa haraka.

Watu wa mwambao hawakuhitaji kufundishwa habari hii. Tembea Mji Mkongwe, Unguja, utazame madirisha yenye luva na baraza za juu zilizofungwa kwa mbao za kimia: aliye ndani haonekani, na upepo unapita siku nzima. Paneli ya gereji ikitengenezwa kwa fito zilizolazwa mshazari kama luva, au zilizoachana kwa sentimita moja, inapata sura nzuri kuliko plaiwudi tupu, na inapumua. Nyuma ya fito pigilia wavu wa chuma wenye matundu madogo. Mjusi kafiri hupenda joto la inverta, na akijikunja juu ya bodi ya saketi, gharama yake unaijua. Wavu hukusanya vumbi, na vumbi huziba hewa, basi kila unapofagia utando wa buibui gerejini, toa paneli uupige brashi.

Kisanduku cha sakiti breka kina masharti yake. Kanuni za umeme za Marekani zinataka mbele ya kisanduku cha kawaida cha nyumbani pabaki wazi inchi 36, karibu sentimita 91, kwa upana usiopungua inchi 30, na zinakataza nafasi hiyo kugeuzwa stoo. Uingereza, kuanzia Januari 2016, visanduku vipya vya majumbani vinatakiwa viwe vya chuma au kitu kingine kisichowaka, au viwekwe ndani ya kasha lisilowaka, baada ya moto kuzuka mara nyingi kwenye vile vya plastiki vyenye nyaya zilizolegea. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha moto huanzia wapi: kwenye skrubu iliyolegea ndani ya kisanduku. Ukiweka mbao kavu iliyopakwa vanishi sentimita mbili mbele yake, umeuandalia kuni. Mimi ningefunika eneo hilo kwa kipande cha bati nene lililopakwa rangi ya paneli nyingine, lenye mpini, na nisingeweka hata ndoo mbele yake. Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO. Usiigongelee msumari wala kuijengea kitu, na watumishi wake wakija wapate kuikagua bila kukuomba uhamishe gari.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipaswi kuingia nyuma ya paneli hizi hata kidogo, nacho ni mtungi wa gesi. Najua kishawishi: mtungi wa kilo 15 hauna sura, na nafasi ipo. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatanda sakafuni, inajikusanya chini ya kabati, na jirani yake ni swichi ya pampu inayojiwasha yenyewe kwa cheche. Mtungi ukae nje, kwenye kizimba cha chuma chenye uwazi chini. Jenereta na kidumu cha petroli vilevile. Jenereta inayonguruma gerejini, hata lango likiwa wazi, inajaza nyumba hewa ya sumu isiyonusika.

Pampu haina makuu. Iache isimame kwenye mpira wake, paneli isiiguse, la sivyo ubao wote utavuma usiku kama ngoma. Hakikisha koki ya kufunga maji inaonekana mara tu paneli inapotoka.

Mpini wa paneli nao umekuwa ugomvi kati yangu na wapenda urembo. Wanataka paneli zisizo na mpini, zinazoonekana kama ukuta mmoja. Nasema weka mipini miwili kwa kila paneli, kwenye kimo cha kifua, na ipake rangi tofauti na mbao. Taa zikizimika na moshi ukiwa umeanza, mtu anahitaji kuona pa kushika. Kama kuna watoto wadogo, ongeza komeo la kusukuma kwenye kimo cha mita moja na nusu, lisilo na kufuli. Mtoto hafiki, mtu mzima anafungua kwa kidole.

Na kabla ya kurudisha paneli ya mwisho, igeuze. Upande wa nyuma, usioonwa na mgeni yeyote, bandika karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: mchoro wa nyaya uliochorwa kwa mkono, kila breka na chumba chake, swichi ya kuzima kwanza na ya kufuata, tarehe betri ziliponunuliwa, namba ya fundi umeme na ya fundi bomba. Andika kwa kalamu nene na kwa Kiswahili cha nyumbani, “hii ni ya jikoni”, “hii usiiguse”, kwa herufi ambazo dada ataweza kuzisoma kwa mwanga wa simu.